Beleshi la Theluji

Nyuma ya mlango wa tisa kulikuwa na beleshi la theluji. Lilikuwa la plastiki ya kijivu, na kando yake vipande vinne vyeupe ambavyo karatasi ya maelekezo ilidai ni lundo la theluji. Masisi-centre, mashariki mwa Kongo, watu wanaijua baridi ya Desemba, wanaujua ukungu unaokalia malisho hadi saa nne asubuhi, na mvua ya mawe inayochana majani ya migomba wanaijua vizuri sana. Theluji hakuna aliyewahi kuizoa. Mtoto mdogo kuliko wote pale nyumbani kwa kaka yangu alilitwaa lile beleshi, akamshikisha yule mzee wa kofia nyekundu aliyetoka mlango wa kwanza, akatangaza: “Papa Noeli anaenda Rubaya kuchimba koltani.”

Hiyo ndiyo tathmini fupi zaidi ya sanduku lile, na ya haki zaidi. Mimi nitachukua kurasa kadhaa kusema jambo lile lile.

Sanduku lilikuwa kalenda ya Majilio ya matofali ya kuchezea: bango nene la karatasi lenye milango 24 ya kubomoa kwa kidole, mmoja kwa kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mkesha wa Noeli, na nyuma ya kila mlango kifuko cha vipande vichache vya plastiki vya kuunganisha. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinapatikana kwa wengi wa biashara hiyo. Ulaya kalenda za namna hii huuzwa euro 30 hadi 40 hivi. Letu lilinunuliwa Brussels na ndugu waliotukumbuka, Mungu awabariki, likapita Kigali, likavuka mpaka wa Gisenyi na Goma ambao tangu Juni ya mwaka huo wa 2022 ulikuwa ukifungwa saa tisa alasiri, likalala Goma likisubiri nafasi, likapanda Sake na kuendelea na milima juu ya lori lililokuwa limeshusha viazi na kurudi tupu. Lilipofika, Desemba ilikuwa imeshakula theluthi yake. Milango ya mwanzo ilikuwa imepitwa na tarehe zake hata kabla ya kufunguliwa.

Kuchelewa huko nitakurudia, maana ndiko kulikoliokoa sanduku.

Kwanza kalenda yenyewe, na kosa la hesabu ambalo katekista yeyote wa jimbo la Goma angeliona. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, kwa hiyo mwanzo wake huhama kila mwaka kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Mwaka 2022 Noeli iliangukia Jumapili, Majilio yakawa marefu kadiri yanavyoweza kuwa: siku 28. Mwaka uliofuata yalianza tarehe 3 Desemba, yakawa siku 22 tu. Sanduku halijui lolote kati ya hayo. Lenyewe huanza tarehe mosi, liishe tarehe 24, kila mwaka, kwa sababu ndivyo linavyoweza kuuzwa tena mwakani likibaki dukani. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba kitu kinachojiita hesabu ya siku takatifu kimeshaamua kuhesabu kwa namna inayomfaa mwenye duka.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Katika karne ya 19, nyumba za Waluteri wa Ujerumani zilichora mistari 24 ya chaki mlangoni au ukutani, na kila siku mtoto akafuta mmoja. Familia za Kikatoliki zilikuwa na desturi ya kuweka unyasi mmoja kila siku katika hori ya pango la Noeli, ili usiku wa kuzaliwa Mtoto apate pa kulala. Angalia mikono iko wapi: mtoto anafuta, mtoto anatandika. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Gerhard Lang wa Munich, ambaye husimuliwa kuwa mama yake alimshonea biskuti 24 kwenye kadibodi alipokuwa mdogo, naye alipokua akawa mchapishaji wa kalenda hizi. Hata zake za kwanza hazikuwa na milango. Mtoto alikata picha kwa mkasi na kuzibandika mahali pake, moja kwa siku. Milango ilikuja miaka ya 1920. Vita vilipokausha karatasi kazi ilisimama, na mwaka 1946, Stuttgart ikiwa bado vifusi, Richard Sellmer alianza tena kwa kuchapisha picha ya mji mdogo uliotulia. Namwelewa sana bwana huyo. Mtu anayeishi katikati ya magofu ana haki ya kuchora mji wenye paa.

Baada ya hapo ikaingia chokoleti, na baada ya chokoleti vichezeo, na kwa kila hatua kazi ya mtoto ikapungua. Aliyekuwa anafuta, anakata na kubandika sasa anabomoa kadibodi na kupokea. Kilichobaki mikononi mwake ni kidole kimoja.

Mtu angedhani matofali ya kuunganisha yangeirekebisha hali hiyo, kwa sababu hakuna kichezeo cha kiwandani kinachodai kazi ya mtoto kama hayo. Historia yake inafahamika. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa Billund, Denmark, na mwaka 1932, mdororo wa uchumi ulipowafanya watu waache kujenga nyumba, akageukia vichezeo vya mbao. Biashara hiyo ndiyo iliyozaa LEGO. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred aliombea hataza tofali la plastiki lenye vinundu juu na mirija ndani, ile mirija inayofanya tofali lishike tofali jingine bila gundi na bado liweze kung’olewa na vidole vya mtoto. Mwaka 1960 ghala lao la vichezeo vya mbao likateketea, na mbao ikaachwa moja kwa moja. Tofali lililotoka kiwandani mwaka 1958 bado linakamatana na lililotoka leo.

Nguvu ya kitu hiki iko katika hesabu moja tu. Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alikokotoa kwamba matofali sita ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Sita tu. Yaani mtoto wa Nyabiondo, kule Masisi, aliyepewa matofali sita anaweza kuanza leo, asilale, na wajukuu wake wasimalize.

Sanduku letu lilikuwa na vipande mia mbili na kidogo, na matofali ya vinundu vinane ndani yake yalikuwa mawili.

Vilivyobaki vilikuwa vidude vya kazi moja. Mlango mmoja ulitoa benchi, mwingine taa ya barabarani, mwingine kijumba cha ndege, mwingine kikombe cha kinywaji cha moto kilichochorwa mvuke ambao huwezi kuutoa. Kila kifuko kilikuja na picha ya kitu kilichokusudiwa, nawe ukishaunganisha vipande vyake saba au vinane umemaliza. Ukivitenganisha havigeuki kitu kingine, maana kimoja ni nguzo ya taa, cha pili kofia ya taa, na cha tatu mwanga wa taa. Huku si kujenga. Ni kukusanya kitu kilichovunjwa makusudi ili upewe nafasi ya kukirudisha kilivyokuwa. Mlango wa kumi na nne ulitoa gari la kuteleza juu ya theluji, ambalo watoto waliligeuzageuza, wakalitazama chini, na kutoa hukumu kwamba magurudumu yameibwa njiani, pengine Sake.

Na hapa ndipo Masisi inapokuwa mahali pazuri kuliko Brussels pa kulipima sanduku la namna hii. Ni nchi ya magurudumu.

Asiyeijua chukudu aelewe kwamba ni pikipiki ya miguu ya mbao tupu: ubao mrefu wa kubebea mzigo, usukani wa mbao mbele, magurudumu mawili ya mbao ngumu yaliyovikwa ukanda wa tairi kuukuu. Mwili hukatwa kwenye mkaratusi. Mbele huwekwa springi ya kupunguza mitikisiko, na juu ya ubao hupigiliwa kipande cha kambambili, zile ndala za mpira, ambapo dereva huegemeza goti moja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Kwa kawaida mwanzo wake huwekwa miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipokuwa ukiporomoka na mafuta na vipuri vikawa vya wakubwa. Inabeba kilo mia kadhaa za viazi, makaa au maharage, ikishuka kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake na Goma kwa mwendo unaowafanya madereva wa magari waombe rozari. Goma ina mzunguko wa barabara wenye sanamu ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, iliyosimamishwa mwaka 2009. Ni sanamu chache sana duniani zinazomtukuza msukuma mzigo, na hii ninaipenda bila masharti, ingawa mshahara wa msukuma mzigo haukupanda siku ilipozinduliwa.

Mtoto wa Masisi hujenga yake. Huanza na kipande cha ubao, maana nyumba nyingi kule ni za mabao na vipande havikosekani karibu na fundi. Usukani ni tawi lenye panda, lililochaguliwa likiwa bado mtini, wakati mwingine miezi kabla ya kukatwa, na kila mtoto wa mtaa anajua tawi lile ni la nani. Magurudumu ndiyo shida. Anayefahamiana na fundi wa pikipiki anaweza kupata beringi zilizokufa. Hizo hupiga kelele ya chuma juu ya mawe na kumpa mwenyewe heshima isiyo na kifani. Asiyefahamiana naye huchonga duara kwenye kigogo, nalo hupasuka. Na kwa gari dogo la kuvuta kwa kamba, lile linalotengenezwa kwa kopo la sardini au kwa bati la mafuta ya msaada lenye maandishi ya wafadhili, gurudumu hukatwa kwenye kambambili.

Lakini kambambili inavaliwa. Haikatwi mpaka ife.

Nilimkuta kijana wa jirani ameketi kizingitini na gari la bati lililokamilika, mhimili wa waya tayari, taa mbili za vizibo vya chupa, na magurudumu mawili nyuma. Mbele hakuna kitu.

“Sasa unangoja nini?”

“Ninangoja kambambili ya Yaya, Papa. Ya kushoto imeshakatika, ndiyo haya ya nyuma. Inabaki ya kulia.”

“Na yeye anajua?”

“Anajua. Ndiyo maana siku hizi anatembea polepole.”

Huko ndiko kungoja. Mtoto anajua anachongoja, anajua kitakwenda wapi kikifika, amekwisha kukiachia nafasi, na kila asubuhi anakikagua mguuni mwa dada yake. Mlango wa kadibodi hauwezi kushindana na jambo hilo, hata kama nyuma yake kungekuwa na kitu bora zaidi ya beleshi. Sanduku linamwambia mtoto asubiri bila kumwambia anasubiri nini, kisha linampa kitu ambacho hakuwa na pengo la kukiingiza. Nimesoma malalamiko ya wazazi wa Ulaya kuhusu kalenda hizi, na mengi yanahusu bei na uchache wa vipande. Nadhani wanaukwepa ubaya wenyewe. Vipande vichache si kosa. Kijana yule alikuwa anangoja vipande viwili.

Kwa ajili ya haki lazima niisifu plastiki pia. Watoto wa Masisi wana matofali yao: hukanda udongo, huujaza ndani ya kisanduku cha kiberiti, huusukuma nje na kuuanika, na baada ya jua la siku mbili tatu wana matofali madogo yaliyonyooka kuliko mengi yanayochomwa na watu wazima. Nimeona kanisa la matofali ya kiberiti lenye mnara. Nimeona pia mvua ikilipitia kanisa hilo kwa dakika chache. Udongo haushikani bila udongo mwingine, ukishashikana hautenganishwi, na ukitenganishwa ni vumbi. Tofali la Billund linafanya kile ambacho udongo haukiwezi: linajenga leo nyumba na kesho daraja kwa mwili ule ule. Ndiyo sababu inaudhi kuona kiwanda chenye uwezo huo kinautumia kutengeneza kikombe cha mvuke.

Kuna wanaotaka kila sura kuhusu Masisi na jirani yake Walikale igeuke sura ya madini, na mimi mwenyewe nilijaribiwa. Ingependeza kuandika kwamba ndani ya kila tofali la kuchezea kuna jasho la Rubaya. Hakuna. Plastiki hiyo hutokana na mafuta ya petroli, na Masisi haihusiki nayo kwa lolote. Lakini ubavuni mwa sanduku kulichapwa mraba wa nukta nyeusi, wa kupigwa picha kwa simu ili mtoto aendelee na mchezo kwenye kioo, na simu hiyo ni hadithi nyingine. Tantali iliyo katika vijumba vyake vya kuhifadhi umeme inatokana na koltani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bati linalounganisha sakiti zake huenda lilitoka Bisie, kule Walikale, ambako wachimbaji walivumbua kasiteriti, yaani mawe ya bati, mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambako kwa miaka mingi wapagazi walitembea takriban siku mbili msituni na magunia ya kilo 50 mgongoni hadi kufika barabarani. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo, kwa kuwa uwanja bora zaidi haukuwepo, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Kwa hiyo mtoto aliyemtuma Papa Noeli Rubaya alikuwa sahihi kuliko kiwanda. Yeye alijua beleshi linatumika wapi.

Mtandao ulikuwa hafifu, kwa hiyo ule mraba haukufunguka.

Walikale inastahili kutajwa kwa jambo lingine linalonigusa zaidi ya bati. Utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, ulirekodiwa huko mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha kitabuni. Ndani yake Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kusema, anamfuata baba yake aliyemkimbia hadi kuzimu, na hapo analazimika kucheza wiki na Sheburungu. Wiki ni mchezo wa kubahatisha kwa mbegu. Mwindo anaweka rehani mali yake, anashindwa. Anaweka tena, anashindwa. Mwishowe anabaki na conga tu, ule usinga wake wa ajabu, anauweka nao, na bahati inageuka mpaka anachukua vyote, nchi pamoja na watu wake. Wanaotengeneza michezo ya kufichua wangefaa kumsoma Rureke kabla ya kuchora mlango mwingine. Kilichofichwa kinapata uzito pale anayefichua ameweka kitu chake mezani. Mtoto anayebomoa mlango wa kumi na saba hajaweka chochote, na kwa hiyo hata akikuta kitu kizuri hajashinda. Amepewa tu. Kupewa ni kuzuri, sikatai, lakini hakuhitaji milango 24.

Sasa narudi kwenye kuchelewa.

Sanduku lilipofika, kaka yangu, ambaye ni mwalimu na anapenda mambo yaende kwa utaratibu, aliamua kwamba milango ya siku zilizopita ifunguliwe yote jioni ile ili “tuwe sawa na tarehe”. Vifuko tisa vikamwagwa mara moja juu ya meza. Karatasi ya maelekezo ilikuwa moja, watoto watano, taa ya sola imeanza kufifia. Vipande vikachanganyika kabla mtu hajajua kipi ni cha mlango upi. Na hapo, kwa saa moja na zaidi, lile sanduku likawa kichezeo. Nguzo ya taa ikawa mlingoti wa redio. Vipande vyeupe vya lundo la theluji vikajengwa ukuta wa zizi, kisha mkubwa wao akasema si ukuta, ni jibini, na kweli ukiviweka viwili kwa viwili vilifanana na zile jibini za duara za Masisi zilizokatwa. Benchi likapinduliwa likawa daraja. Mabishano yalikuwa makali na ya kitaalamu. Kila mmoja alikuwa na kipande alichokihitaji kilichokuwa mkononi mwa mwingine, wakauziana, wakadhulumiana, wakapatana.

Kesho yake tulikuwa sawa na tarehe. Mlango mmoja, kifuko kimoja, mtoto mmoja wa zamu, wanne wakitazama. Baada ya dakika tatu kazi imekwisha na kidude kimewekwa juu ya kabati pamoja na wenzake, kwa kuwa mama wa watoto hakutaka vipotee kabla ya Noeli. Ndivyo kalenda ilivyokusudiwa kutumika, na ndivyo ilivyokufa. Kufikia katikati ya mwezi mwenye zamu alikuwa anasahau zamu yake, na kilichowashughulisha ni mitihani ya muhula, nguo za Noeli zilizokuwa kwa mshonaji, na swali zito la kama mwaka huu kutakuwa na wali wa nyama Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, zote mbili au Noeli tu.

Kisha ukaja mlango wa 22. Nyuma yake kulikuwa na magurudumu manne, mihimili miwili, na ubao mwembamba wa kuyashikilia: kigari cha kuvutia zawadi. Nyumba nzima ilipiga kelele. Kitu pekee ambacho kingeweza kuunganisha vingine vyote, kubeba benchi, kubeba taa, kumbeba Papa Noeli na beleshi lake mpaka Rubaya, kilikuwa kimefungiwa humo tangu mwanzo na kuachwa hadi siku tatu kabla ya sherehe. Ndani ya saa ile vitu vyote vilishushwa kutoka kabatini, mama apende asipende. Nadhani aliyepanga milango ile aliamini anajenga hamu. Mimi naona alimnyima mtoto chombo kwa wiki tatu na kumpa mapambo badala yake. Magurudumu yangewekwa mlango wa kwanza, hata vidude vile vya kazi moja vingepata kazi ya pili, kwa kuwa kila kimoja kingekuwa mzigo.

Yale magurudumu ndiyo yaliyodumu. Yalihamishwa kutoka kigari cha plastiki kwenda kwenye gari la bati la kijana wa jirani, kwa mkataba ambao masharti yake sikuelezwa, na kambambili ya kulia ya Yaya ikapewa muhula mwingine wa maisha. Vingine vilimezwa na nyufa za sakafu ya mabao. Mwaka uliofuata vita vilisogea karibu. Mwisho wa Aprili 2024 kundi la waasi la M23 lilishika Rubaya, mwanzoni mwa Januari 2025 likaingia Masisi-centre, na Machi ya mwaka huo hata Walikale-centre ikaangukia mikononi mwake kwa majuma mawili hivi, Bisie ikasimamisha kazi kwa muda. Katika nyumba ya kaka yangu walikimbia na kurudi, kama wengi. Mtoto anayekimbia hachagui vichezeo vyake kwa namna ambayo mwandishi angependa kuieleza. Wa kwetu walibeba sufuria na godoro, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa.

Kama tathmini inatakiwa kuwa na alama, basi: karatasi na uchapaji, vizuri; plastiki, imara; maelekezo, wazi kupita kiasi. Utaratibu wa kufungua mlango mmoja kwa siku unaharibu kile ambacho tofali limeumbiwa, na upangaji wa vilivyomo ni wa mtu ambaye hajawahi kutengeneza gari likakosa gurudumu. Kwa euro zile zile Brussels wanauza mfuko wa matofali ya kawaida mchanganyiko, hayana mlango wala tarehe, na mfuko huo ukichelewa njiani hakuna kilichoharibika.

Ndugu zetu waliuliza mwaka uliofuata watume nini. Watoto walishauriana muda mrefu kuliko nilivyotarajia, wakaniletea orodha yenye neno moja, magurudumu, na chini yake kwa mwandiko wa mkubwa wao: makubwa na madogo, pamoja na mihimili. Mimi nikaongeza kwamba yatumwe Oktoba.